UNADAIWA NA WATU WATANO, BIASHARA NI MOJA: JINSI YA KUTUMIA WAKILI KUPATA MAKUBALIANO YA KULIPA DENI

Somo la leo ni la wale ambao simu ikiita namba ngeni wanaigeuza kifudifudi mezani na kuendelea kuhudumia mteja. Mnajijua. Leo hatusemani, leo tunafundishana. Ni refu kidogo, lisome taratibu.

Kuna dada mmoja anauza vyombo vya plastiki kwenye soko moja hapa Dar: ndoo, mabeseni, madumu, hotpoti. Amenipa ruhusa nieleze habari zake bila kutaja jina lake, soko lake wala waliomkopesha. Alikuwa anadaiwa sehemu tano. Kampuni ya mikopo midogo, 2,400,000. Mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu, 800,000. Mwenye duka la jumla aliyempa mali kauli, 3,100,000. Kikoba, 600,000. Na mkopo wa kwenye simu, 250,000. Jumla 7,150,000.

Sasa angalia hii. Kampuni ilitaka rejesho la 150,000 kila wiki. Kausha damu alitaka 20,000 kila siku ya kazi. Wa jumla alitaka 500,000 kwa mwezi, kikoba 100,000, na wa kwenye simu alitaka chake chote mara moja. Ukijumlisha, mwezi mmoja alitakiwa kutoa 1,970,000.

Na faida yake? Akiuza vizuri anabakiza kama 35,000 kwa siku baada ya kutoa bei ya kununulia. Siku 26 ni 910,000. Toa kodi ya meza 150,000, toa ushuru, usafi na umeme 40,000, toa chakula na shule 400,000. Inabaki 320,000.

Anatakiwa alipe karibu milioni mbili, anabakiwa na laki tatu na ishirini. Hapo hata ukilala njaa hufiki. Lakini wengi wetu tukifika hapo tunadhani tatizo ni kujituma, tunaamka saa tisa usiku badala ya saa kumi na moja. Yeye naye alifanya hivyo hivyo miezi mitatu. Alikuwa anamlipa anayepiga kelele zaidi. Leo afisa mikopo kaja na wenzake wawili sokoni, anampa hela ya mzigo. Kesho hana mzigo, anakwenda kwa kausha damu. Yule mkopo wa kausha damu aliuchukua ili alipe rejesho la kampuni, si kwa ajili ya biashara. Ukishaanza kukopa kwa fulani umlipe fulani, ndugu yangu, umefika mahali pa kutafuta mtu wa tatu.

KARATASI ALIYOKARIBIA KUSAINI

Kilichomfanya atafute msaada ni karatasi. Afisa mikopo alimwambia, "Mama, njoo ofisini tukupangie upya, rejesho lishuke mpaka 90,000." Nani angekataa? Alipofika akapewa kurasa tatu asaini hapo hapo, wenzake wakiwa foleni nyuma yake. Akawaambia macho yanamsumbua, anaomba apige picha akasomewe nyumbani. Walinung'unika, lakini wakamruhusu. Huo uongo mdogo wa macho ndio uliomwokoa.

Ndani ya zile karatasi mlikuwa na mambo matatu. Kwanza, faini zote, 400,000, zilikuwa zimeunganishwa na deni na kuitwa "mkopo mpya" wa 2,400,000, halafu riba inaanza upya juu ya hiyo yote. Pili, rejesho limeshuka kweli, ila wiki zimeongezeka kiasi kwamba mwisho wa safari angelipa zaidi sana. Tatu, na hili ndilo baya, dhamana ilikuwa imebadilika. Mwanzo aliweka friza na bidhaa. Sasa wameandika kiwanja cha familia, Chanika, alichonunua mumewe.

Afisa hakumtajia hata moja kati ya haya. Alitaja 90,000 tu.

Mjue hivi: ukisaini karatasi inayosema "nakiri kudaiwa kiasi fulani", umekubali kiasi hicho kama kilivyo, na faini zake. Siku ya kubishana utaulizwa sahihi ni ya nani. Na kwa madeni ya zamani kuna jambo jingine. Sheria ya ukomo wa madai hapa kwetu inampa mdai wa mkataba miaka 6 kufungua kesi. Ukikiri deni kwa maandishi na sahihi kabla hiyo miaka haijaisha, inaanza kuhesabiwa upya. Sisemi ukwepe deni. Nasema ujue unachosaini.

NANI WA KUMWENDEA

Wakili. Najua unawaza gharama, na unawaza mawakili ni wa wenye kesi za viwanja. Hapana. Kazi ya kukaa na wadai na kuandika makubaliano ni kazi yao ya kila siku. Kabla hujampa mtu hela, mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, pale utaona kama jina lake lipo na kama ana leseni hai. Dakika mbili tu. Mjini kuna watu wenye suti na mihuri ambao si mawakili.

Kama huna uwezo, nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kuna taasisi zinazotoa msaada bure kwa wasio na uwezo, kama LHRC, na kwa kina mama kuna WLAC na TAWLA. Na kwenye wilaya wapo wasaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria hatakusimamia mahakamani kama wakili, lakini atakusomea mkataba, atakusaidia kuandika barua na atakuelekeza pa kwenda. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii au serikali ya mtaa.

Kuna mtu mmoja wa kumkimbia: yule anayesema "nipe mimi marejesho yako kila mwezi, nitawagawia wadai wako". Hela ya deni iende kwa mdai moja kwa moja, risiti ibaki kwako. Wakili analipwa ada yake, imeandikwa, basi. Huyu dada alielewana na wakili wake 200,000 kwa awamu mbili. Kwako inaweza kuwa tofauti, uliza kabla ya kukaa kwenye kiti.

Alikwenda na rambo limejaa karatasi: mikataba miwili, daftari la mali kauli, kitabu cha kikoba, meseji za yule wa kwenye simu, na taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita. Hiyo ya miamala ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, mtaona.

SWALI LA KWANZA LA WAKILI

Alidhani ataulizwa anadaiwa na nani. Akaulizwa, "Januari ulibakiwa na shilingi ngapi?"

Januari! Mwezi wa ada na sare, watu hawanunui hotpoti. Akahesabu, akakuta kama 110,000. Na Aprili, mvua zikikolea, soko linajaa maji, hali ni ile ile.

Hapa ndipo somo lote lilipo kwa maoni yangu. Sisi tukikaa na mdai tunaahidi kwa mwezi mzuri. Tunataja hela ya Desemba. Aibu inatufanya tuseme kubwa ili mtu aondoke mezani ameridhika, halafu mwezi wa pili tunavunja ahadi, na mdai aliyevunjiwa ahadi ni mkali kuliko yule ambaye hakuahidiwa kitu. Wakili alikataa hesabu ya 320,000. Akasema tuandike 240,000 kwa miezi kumi ya kawaida, na 100,000 kwa Januari na Aprili. Jumla 2,600,000 kwa mwaka. Ndiyo kiasi ambacho biashara inaweza kukitoa bila kula mtaji.

Kisha akageukia madeni yenyewe, moja moja.

Kausha damu kwanza. Dada alipokea 500,000, makubaliano yalikuwa 20,000 kwa siku 35, yaani 700,000. Fanya hesabu: asilimia 40 ndani ya mwezi na siku chache. Taarifa ya miamala ikaonyesha ameshalipa siku 31, jumla 620,000. Zilibaki 80,000. Hizo 800,000 zilitoka wapi? Faini ya 10,000 kila siku, siku 72. Wakili akamwandikia barua fupi akimwomba nakala ya leseni yake. Maana chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na kwa hawa wa daraja la pili wanaosimamiwa na Benki Kuu, ukomo wa riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Leseni haikuonekana. Baada ya wiki moja mwenyewe alipiga simu, kwa sauti ya chini kuliko alivyozoeleka, wakamalizana kwa 150,000 na karatasi inayosema deni limekwisha.

Usifurahie sana hapo ukadhani kila kausha damu anafutwa kwa barua. Wengine wana leseni. Na hela ya mtu uliyoipokea ni hela ya mtu. Ila faini ya siku 72 hailipwi kwa kutishwa.

Kampuni ikaondoa faini za 400,000, likabaki 2,000,000, na riba ikasimamishwa. Haikuwa rahisi, barua tatu na vikao viwili. Wa kwenye simu alibaki na 250,000 yake. Dada akauza friza, baada ya kampuni kuridhia kwa maandishi kwa sababu lilikuwa kwenye dhamana, akapata 400,000, akamaliza kausha damu na wa simu siku moja. Wadai watano wakawa watatu, deni likawa 5,700,000.

Kuna watakaouliza, hivi wadai wanalazimika kukubali? Hawalazimiki. Wakili hana fimbo. Wanakubali kwa sababu wakifanya hesabu yao wanaona mabeseni na meza havitawarudishia hela, kesi ina gharama, na huyu mtu akifunga biashara hakuna anayepata. Ndiyo maana kila mdai alipewa karatasi ile ile inayoonyesha wadai wote, madeni yote na kipato chote. Ukimficha mmoja, wengine wakijua, umekwisha. Na walianza na wa jumla, mwenye deni kubwa kuliko wote. Alipokubali yeye, kampuni ikashindwa kusema haiwezekani.

Mgao wa 240,000 ukawa hivi: wa jumla 130,000, kampuni 85,000, kikoba 25,000. Kila mtu kwa ukubwa wa deni lake. Miezi ya 100,000: 55,000, 35,000 na 10,000. Miezi 27, deni linaisha.

KILICHOANDIKWA NDANI

Makubaliano yasiyoandikwa ni maongezi. Haya ndiyo wakili alisisitiza yaonekane.

Kiasi kamili cha deni kwa tarakimu na kwa maneno, na sentensi inayosema faini za nyuma zimesamehewa na riba imesimama muda wote unaolipa kwa mpango. Sheria yetu ya Mikataba inamruhusu mdai kupokea pungufu au kuongeza muda, lakini kama msamaha umebaki mdomoni mwa afisa, akihamishwa tawi unahama naye.

Hakuna dhamana mpya. Kiwanja cha Chanika hakikutajwa. Na kama mdai anang'ang'ania nyumba au kiwanja cha familia, mwenzi wako lazima aridhie, hiyo ni sheria. Hapa dada alikwama kidogo, maana mumewe hakujua habari za kausha damu kabisa. Wakili alimwambia nenda kamwambie leo kabla ya mimi kutuma barua, barua zina tabia ya kufikia nyumbani. Alimwambia usiku ule. Anasema zile saa mbili zilikuwa ngumu kuliko vikao vyote, na kwamba mumewe alinyamaza mpaka asubuhi, halafu akauliza tu, "Jumla ni ngapi?"

Mdhamini asaini. Huyu tunamsahau. Masharti ya mkopo yakibadilishwa bila ridhaa ya mdhamini, kisheria anaweza kujitoa kwenye mzigo, kwa hiyo mdai makini atataka asaini tena. Nawe kwa upande wako unataka iandikwe kwamba ukilipa kwa mpango, mdhamini hasumbuliwi. Mdhamini wa dada ni shemeji yake, bodaboda, kadi ya pikipiki iko ofisini kwa kampuni. Iliandikwa irudishwe ndani ya siku saba baada ya rejesho la mwisho.

Hela ilipwe wapi. Akaunti au lipa namba ya kampuni, kamwe siyo namba binafsi ya afisa.

Na ukichelewa itakuwaje. Wengi wanaogopa kuuliza hili wasionekane wana nia mbaya. Uliza! Kwa huyu dada: akitoa taarifa kwa maandishi kabla ya tarehe, ana siku 14. Bila kipengele hicho, kuchelewa siku moja kunaweza kuamsha deni lote na faini zake. Wakili pia ashughulikie ushuru wa stempu, maana mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi.

KAMA KESI IKO MAHAKAMANI TAYARI

Hapo makubaliano yanaitwa hati ya maridhiano, na mahakama ikiyasajili yanakuwa hukumu. Uzito wake ni mwingine kabisa. Ukivunja, mdai haanzi kesi upya, anakwenda moja kwa moja kukaza hukumu, mali zinakamatwa. Usikubali rejesho usiloliweza kwa sababu tu umechoka na tarehe za mahakama. Na ukipata wito, usiufiche kabatini. Usipofika, kesi inasikilizwa upande mmoja, na zile faini ulizotaka kubishia zinapita kama zilivyo.

Kuhusu "nitakuweka ndani": deni ni madai, siyo jinai. Polisi si wakusanya marejesho. Kuna kifungo cha madai, ndiyo, lakini ni baada ya hukumu na kwa amri ya mahakama, siyo kwa simu ya afisa mikopo. Ila kama ulitoa hundi ukijua haina hela, au uliuza dhamana kimyakimya, hilo ni jambo jingine, mwambie wakili wako ukweli mapema.

Kodi ya TRA usiichanganye humu. Ile unaandika ombi lako mwenyewe la kulipa kwa awamu, na unaandika kabla hujafuatwa.

KIKOBA HAKIPELEKEWI BARUA YA WAKILI

Wakili mwenyewe alisema hivyo. Zile 600,000 ni mgao wa akina mama wenzake, na wengine walikuwa wanausubiri kwa ajili ya ada. Dada alikwenda siku ya kikao, akasimama mbele yao na ile karatasi ya wadai wote, akasoma mpaka mwisho. Mmoja alimsema sana, na alikuwa na haki. Wakaandika kwenye kitabu chao: 25,000 kwa mwezi, hakopi tena mpaka amalize, na ushonaji wa sare hatashiriki mwaka huo. Hilo la sare ndilo lililomliza.

Yuko mwezi wa kumi na moja sasa. Alianza Mei. Januari alitoa 100,000 yake kama ilivyopangwa. Novemba alikwama, mtoto aliugua. Alituma meseji kwa wote watatu siku mbili kabla ya tarehe, akalipa siku ya tisa, hakuna aliyekuja sokoni. Risiti anazibana kwa stepla kwenye daftari moja, linakaa chini ya beseni la hela.

Wiki iliyopita wa jumla alimwambia achukue mzigo wa laki tatu kwa mali kauli, ameona analipa vizuri. Amekataa. Ananunua kwa keshi, ndoo kumi kumi.